Nikifa kwenye muvi nataka kaburi lionekane

Naandika hii kwa mabinti na vijana wenye ualbino wanaotaka kuigiza, maana kila nikiposti picha nikiwa lokesheni inbox inajaa "dada na mimi nataka, nianzie wapi". Naandika pia kwa waandishi wa skripti. Wengi wao siyo watu wabaya, ni uvivu tu, mtu anataka adui anayetisha na hana muda wa kufikiria huyo adui anatisha kwa nini, basi anachukua rangi ya mtu anamalizana nayo. Mi nimeshakuwa hiyo rangi, kwahiyo najua ilivyo.

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwenye grupu la WhatsApp la wasanii wachanga. Tangazo lilikuwa refu, anahitajika mzee anayejua Kizaramo, anahitajika mdada anayeweza kulia bila kupakwa dawa ya machozi, anahitajika kijana anayejua kuendesha bodaboda, alafu mwisho kabisa: "albino mmoja wa kike, asiwe mnene". Wenzangu wote wanatakiwa wajue kitu, mimi natakiwa niwepo tu. Nikaenda. Ukumbi ulikuwa Sinza, juu ya baa, joto la kufa mtu. Kila mmoja anapewa karatasi, anasoma, anakatizwa, anaambiwa rudia kwa hasira, rudia kama umefiwa. Zamu yangu ilipofika dairekta hakunipa karatasi. "Dada simama pale ukutani. Fumba macho. Fumbua taratibu. Cheka bila kutoa sauti. Safiii, umepita." Nikamuuliza, kaka, mistari yangu iko wapi? Akasema uhusika wako hauna mistari, wewe ni jini, unatokea unapotea.

Malipo yalikuwa laki na ishirini kwa kazi nzima, nauli juu yangu. Mdada wa kulia alipata laki tatu. Kodi yangu ilikuwa imeisha na mwenye nyumba ameshaanza kunisalimia kwa kejeli, nikasaini. Sijutii, na simshangai yeyote anayesaini kwa njaa, ila basi usaini ukijua unachouza, na ndo maana nayasema haya.

Sasa sikia vituko. Tulipofika lokesheni, ufukweni huko Bagamoyo, dada wa mekapu akaanza kunipaka poda nyeupe. Uso, shingo, mikono. Nikamwambia dada yangu, si mlinitafuta kwa sababu ni mweupe? Akacheka akasema dairekta anataka mweupe wa jini. Alafu likaja wigi, jeupe pee, maana nywele zangu ni za rangi ya mchanga na wao walitaka theluji. Mwisho zikaja lenzi nyekundu, kwa sababu macho yangu ni kahawia yaliyopauka, kama yalivyo ya wengi wetu hapa Afrika, wengine yana ukijivu, wengine ubuluu kidogo. Ule wekundu watu wanaousema unaonekana pale mwanga mkali ukiingia jichoni kwa pembe fulani ukarudi na rangi ya mishipa ya damu ya ndani, kwenye picha ya fleshi hasa. Ukikaa na mimi mezani unakunywa chai huuoni. Yani kwa kifupi walimtafuta mtu mwenye ualbino, wakamkuta hafanani na mwenye ualbino wa kichwani mwao, wakamfunika wakamtengeneza upya. Si bora wangemchukua mtu yeyote?

Zile lenzi nilizikataa. Siyo kwa ujasiri, nilikuwa nimesikia mwenzangu kaugua macho kwa lenzi ya kuchangia, na macho yenyewe niliyonayo ni ya kubahatisha. Tukagombana kidogo, prodyuza akaja na sauti ya upole, "mdogo wangu ni dakika kumi tu". Nikakaa kimya nimeshika begi langu. Mwisho wakasema wataweka wekundu kwenye kompyuta, na wakaweka. Kwahiyo ujue kabisa, ukiambiwa "hii lazima", mara nyingi siyo lazima.

Kitu kingine kilichomkera dairekta ni macho yangu kucheza. Sisi wengi macho yanatikisika yenyewe kushoto kulia, ni sehemu ya hali yetu, na uoni wetu ni hafifu hata ukivaa miwani, mwanga mkali nao unatuumiza. Yeye anapiga kelele "tuliza macho! jini hababaiki!" na mimi natazama jua la saa saba linaloruka juu ya maji, rifleketa ya silva imeelekezwa usoni, sioni hata kamera iko wapi, naona weupe tu. Jioni shingo na masikio vilikuwa vimeiva, ngozi ikachunika baadae. Hela niliyotumia kwa dawa na losheni ya kujikinga, ile ya kutoka nje niliyonunua famasi, ilikula karibu nusu ya malipo. Hesabu hiyo uifanye kabla hujakubali bei, siyo baada.

Nilikuwa najiuliza hii picha ya mtu mweupe wa kutisha imetoka wapi, maana bibi yangu ana hadithi nyingi na hana hata moja ya hivyo. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, tukiangalia muvi za kutafsiriwa, na humo mashabiki wanajua mtu akishatokea tu kwenye kioo kama ni steringi au ni adui. Nakumbuka wale mapacha wa Matrix ya 2003, weupe, rasta nyeupe, suti nyeupe, wanapita kwenye ukuta kama moshi. Banda zima lilikuwa linawashangilia, alafu kipindi cha mapumziko watoto wananigeukia mimi wananiambia pita ukutani tuone. Walioigiza wale mapacha hawana ualbino hata kidogo, ni wanaume wa Kiingereza waliopakwa.

Baadae nikiwa nafuatilia mambo ya uigizaji kwa umakini nikakutana na Silas wa The Da Vinci Code, kitabu cha 2003 na muvi ya 2006. Mtawa mwenye ualbino anayeua watu kwa amri. Muigizaji wake Paul Bettany naye hana ualbino. Lakini kilichonichekesha mpaka nikaacha kusoma ni kwamba Silas anaendesha gari usiku mjini Paris, anapiga bastola analenga. Jamani! Mi kusoma namba ya daladala mpaka isimame mbele yangu, na mara nyingi nauliza konda hii ya wapi. Mtu mwenye uoni wa kwetu ndo wamfanye muuaji wa kulenga shabaha? Chama cha watu wenye ualbino cha Marekani, NOAH, walilalamika sana kuhusu muvi ile, na wana haki, ila mi naona hata bila kulalamika mtu angemuuliza mwandishi swali moja tu: huyu jamaa anaonaje? Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko sinema. H. G. Wells mwaka 1897 alimfanya mtu wake asiyeonekana, Griffin, awe na ualbino, na Griffin anaishia kuwa kichaa wa kuua. Wazungu nywele nyekundu nazo waliziandama vilevile, kuna michoro mingi ya kanisani Ulaya ambayo Yuda peke yake kapewa ndevu nyekundu ili hata asiyejua kusoma ajue nani msaliti. Na mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa huko Marekani waliandika kwenye jarida la JAMA Dermatology, walichukua maadui kumi wakubwa wa muvi za kwao wakakuta sita kati yao wamepewa kitu fulani kwenye ngozi au nywele, makovu, upara, mikunjo, weusi chini ya macho. Daktari anaona wagonjwa wake wamegeuzwa mashetani, lazima imkere.

Ila tusiwasingizie wazungu kila kitu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna yetu, na hii ndo inaniuma kuliko Silas. Macho mekundu. Bibi yangu mzaa mama kapikia kuni na mabua ya pamba maisha yake yote, mvua ikinyesha anaongezea kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, jiko lenyewe halina dirisha, na akiinuka pale jikoni macho ni mekundu yanatoa machozi anafuta na kanga. Ni moshi. Kila mtu pale kijijini anajua ni moshi kwa sababu kila mtu kalala kwenye huo moshi. Lakini Usukumani vikongwe wameuawa kwa miaka na miaka, wanaitwa wachawi, na ushahidi ni hayo macho. Nilipokuwa mdogo wajomba walikuwa wanalala kwa zamu kwa bibi, mimi na bibi chumba kimoja, yeye kwa sababu ya macho yake na mimi kwa sababu ya ngozi yangu, na panga limeegemezwa mlangoni. Sasa washa muvi yoyote ya kichawi ya kwetu uone mchawi anavaa nini usoni. Lenzi nyekundu. Mwandishi yuko Dar, anatafuta kitu cha kutisha, anaokota kitu ambacho huko kwetu mtu alishakatwa mapanga kwa ajili yake.

Na hapo ndo nafika kwenye basi.

Muvi yetu ilitoka, mi nikaisahau. Mwaka huo nikawa nasafiri kwenda Mwanza kwenye msiba, basi la asubuhi kutoka Mbezi. Unajua mabasi ya mikoani, wanaanza na gospo, wanakuja taarabu, mchana wanaweka muvi. Tulipotoka kuchimba dawa pale baada ya Singida konda akaweka muvi nyingine, nikaona jina. Nikavuta kofia chini. Siti yangu ilikuwa ya dirishani, pembeni yangu kuna mdada mjamzito ambaye mpaka muda huo tulikuwa tunakula karanga pamoja, kanipa na maji. Ikafika sini ya kwanza ya jini. Mimi pale kwenye skrini, jeupe, wigi linapepea, macho yamewekwa moto. Basi zima kimya. Mtoto wa siti ya mbele akageuka akanitazama, akatazama juu, akanitazama, akaanza kulia. Yule mdada akavuta blauzi yake kifuani akajitemea mate kwa ndani. Kama hujui ni nini, ni kinga, ili mtoto aliye tumboni asije akazaliwa kama mimi. Hakufanya kwa chuki hata. Alifanya kama mtu anavyopiga ishara ya msalaba radi ikipiga, alafu akanisogezea tena mfuko wa karanga.

Lakini aliyenimaliza ni baba mmoja wa siti ya upande wa pili, mtu mzima, kavaa vizuri. Muvi ilipoisha, na inaisha jini anasomewa dua anayeyuka anakuwa moshi anapotea, akainama kwangu kwa heshima kabisa akaniuliza, "Samahani mwanangu, nyie mkifa huwa mnazikwa wapi?" Nikamwambia makaburini baba, kama watu wengine. Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mbona pale umepotea?"

Sikuwa na jibu. Wewe uliyekulia kwetu unajua kwa nini nilishikwa na baridi. Ule uongo kwamba sisi hatufi, tunapotea tu, ndo uongo wenyewe. Mtu ambaye hafi siyo mtu, na ambaye siyo mtu ukimkata mkono hujaua. Waganga wa ramli wameuishi, wauaji wa miaka ile ya 2007, 2008 wameuishi, na usidhani umeisha, mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili kachukuliwa Muleba, Kagera, akakutwa ameuawa. Makaburi ya ndugu zetu tunayamwagia zege nene maana yanafukuliwa. Alafu mimi, kwa laki na ishirini, nimesaidia kuonyesha kwenye mabasi ya nchi nzima kwamba ni kweli tunapotea.

Kuanzia hapo nikajiwekea masharti, na moja ndo hilo la kichwa cha habari. Nikifa kwenye muvi nataka mwili uonekane, jeneza, watu wanalia au hata wanashangilia, kaburi, udongo. Nimeshalitumia mara kadhaa na huwa wanadhani natania. Sharti lingine ni swali ninalouliza kabla ya bei: huyu mhusika ukimpa mtu mwingine yeyote, mweusi wa kawaida, anabaki na cha kufanya? Kama jibu ni "hapana, maana sasa atatishaje?" basi hapo hakuna mhusika, kuna ngozi, na ngozi siuzi. Kuwa adui sikatai. Hili naomba lieleweke kwa sababu kuna wenzangu kwenye harakati wanataka mtu mwenye ualbino aigizwe mwema tu, malaika, yatima anayeonewa, anayekufa katikati ya muvi ili steringi apate hasira. Hiyo nayo naichoka. Mtu mwema asiye na kasoro na jini wote wawili siyo watu. Mi nataka niwe mbaya kwa sababu zangu mwenyewe, tamaa, wivu, hela.

Kukataa kuna gharama, nisikudanganye. Nilikaa muda mrefu simu haiiti. Mtaa wa filamu Dar ni mdogo, ukishakataa kazi mbili wanasema yule dada ana maringo, yule ni wa haki za binadamu. Nikawa nauza juisi ya miwa na binamu yangu kwenye kivuli (kivuli ndo lilikuwa sharti langu kwake, mwavuli mkubwa kwanza biashara baadae), na jioni naenda mazoezi ya kikundi cha maigizo bila malipo. Kikundi kilinisaidia kuliko kasting zote, kwa sababu pale nilipewa uhusika wa kawaida, leo mama mkwe, kesho mwanafunzi, kesho kutwa askari, na watu wakazoea kuniona naongea. Binti unayesoma hapa, kabla ya kukimbilia grupu za kasting tafuta kikundi. Ukiwa na video fupi unaigiza mtu anayeongea, ukaituma kabla hawajaomba picha, mazungumzo yanaanza tofauti.

Video ya namna hiyo ndo ilinipatia kazi ya kausha damu. Mwandishi mmoja alikuwa anaandika tamthilia kuhusu mikopo ya mtaani, si unajua ile unakopa laki unarudisha kila wiki mpaka unachanganyikiwa, na afisa mikopo wao, mwanamke katili anayebeba masufuria na magodoro ya watu, muigizaji alijitoa. Wakaniita. Skripti ya mwanzo walishaigusa kidogo baada ya kusikia ni mimi, wakaweka mtu anasema "hata rangi yake ni ya mkosi". Nikamwomba mwandishi tukae. Nikamwambia, kaka, huyu mama amebeba godoro la mgonjwa, unahitaji mkosi wa nini tena? Akafikiria, akacheka, akafuta. Badala yake akaongeza kitu ambacho nakipenda mpaka leo, mama huyu anaandika madeni kwenye daftari akiwa amelileta karibu kabisa na pua, kwa sababu haoni vizuri, na wadeni wanadhani wanaweza kumdanganya, kumbe kakariri kila kitu kichwani. Uoni hafifu umeingia kwenye stori kama jambo la maisha, na umemfanya awe hatari zaidi. Hicho ndo ninachokisema kila siku kwa waandishi. Wakina sisi tuna vitu vya kweli vya kutumia, acheni theluji.

Mtaani sasahivi nikipita wamama wananipigia kelele "we mama rudisha friji la watu!" Siku moja sokoni Tandale muuza vitunguu alikataa kuniuzia, kwa utani nusu, anasema nilimtesa yule mjane. Nilifurahi kama mjinga. Wananichukia kwa nilichofanya.

Tuje kwenye mambo ya mkononi maana najua wengine mlikuwa mnasubiri hapa. Jua kwanza, hakuna muvi inayolipa hela ya kutibu saratani ya ngozi. Ukiongea na prodyuza omba sini za nje zipigwe asubuhi mapema au jioni, na iandikwe, siyo ya mdomo. Losheni ya kukinga jua pakaa kabla ya mekapu, iache ikae kidogo iingie, alafu kila baada ya masaa mawili unarudia, hata kama dada wa mekapu ananuna kwamba unamharibia kazi. Kuna losheni zinatengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yetu na zinagawiwa bure kupitia kliniki za ngozi, ulizia chama cha watu wenye ualbino cha mkoa wako, usikae unanunua ya bei mbaya kama nilivyokuwa nafanya. Katikati ya sini usikae kwenye "kivuli cha muda", nenda ndani kabisa, na kofia pana na mikono mirefu ni mpaka dakika wanapoita akshen. Kidonda au kipele chochote kisichopona, usoni hasa, mdomoni, masikioni, usikipake mekapu juu, kaone daktari. Nimezika watu wa rika langu kwa hilo na siyo kwa mapanga.

Skripti omba kwa maandishi makubwa, ukubwa wa 20 hivi, ni jambo la dakika moja kwenye kompyuta yao. Wakishindwa, mwambie rafiki akusomee umrekodi kwenye simu, mi nakariri kwa masikio na huwa nafika lokesheni nimeshika mistari ya wenzangu pia, wanadhani nina kipaji. Alama za kusimamia chini wakuwekee utepe wa rangi kali, siyo chaki. Kama macho yanacheza, kuna pembe ya kichwa ambayo yanatulia, kila mtu ana ya kwake, itafute nyumbani mbele ya kioo alafu mwambie mpiga kamera akupige kwa upande huo. Dairekta akikwambia tuliza macho mjibu kwa utulivu kwamba hayo ndo yametulia.

Skripti nzima isome mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, siyo sini zako tu. Sini zangu za jini peke yake zilikuwa hazina neno, ubaya ulikuwa kwenye sini ambazo sikuwepo, mganga anasema nini kuhusu jini, linaishia wapi. Na kama una wasiwasi sana, kumbuka kibali cha kupiga picha kinaombwa Bodi ya Filamu na skripti inaenda huko, kwahiyo kumuuliza prodyuza "hii ndo ile mliyopeleka Bodi?" siyo ugomvi, ni swali la kikazi. Uone sura yake.

Kwa waandishi, kwa kweli sina mengi. Nchi hii imeshakuwa na mbunge mwenye ualbino aliyechaguliwa na wananchi, Salum Barwani, Lindi Mjini, 2010. Imekuwa na naibu waziri, Dk. Abdallah Possi, ambaye baadae alienda kuwa balozi Ujerumani. Muvi ya White Shadow ya 2013 ilipigwa hapahapa Tanzania, imemweka kijana mwenye ualbino katikati, na wanaotisha humo ni wanunuzi wa viungo, watu wenye rangi ya kawaida kabisa, kama ilivyo kwenye maisha. Walioniwinda nikiwa mdogo hawakuwa weupe wala hawakuwa na macho mekundu. Mmoja alikuwa anakuja kununua pamba nyumbani, anapewa kiti, anapewa uji.

Na mkataba, chukua nakala yako hapohapo mezani, iwe na saini mbili na iandike malipo yanatoka lini, tena nusu iingie kwenye simu kabla hujapanda gari la lokesheni. Wa ile ya jini waliniambia watanitumia kwa WhatsApp. Laki waliitoa, ile ishirini bado nawadai.